Mazoezi yasiyo ya "waja leo, waondoka leo": kupata kiasi unachokiweza ukiwa Tanga na shughuli zako

Kila baada ya Idi, na tena Januari, barabara ya Raskazone hujaa raba mpya alfajiri. Wiki ya tatu wamebaki wale wa siku zote. Sifa ya mji, waja leo waondoka leo, imewaingia hata wapiga tizi. Wengi hudhani tatizo ni uvivu, lakini ukichunguza utaona ni hesabu. Mtu hupanga mazoezi siku ambayo ana nafasi, ana hamu na mshahara umeingia, akajiwekea kukimbia saa nzima mara tano kwa wiki. Halafu unakuja msiba Muheza, au mtoto ana homa, au kazini wanafunga hesabu za mwezi, na mpango wote unaanguka kwa sababu haukuachiwa nafasi ya kupungua. Hapa tunakwenda kinyume: unaanza na wiki yako mbaya, unaweka kiasi ambacho hata wiki hiyo kinawezekana, ndipo unapanda.

Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, au mchanganyiko wa hizo mbili. Juu yake kuna mazoezi ya nguvu za misuli, angalau siku 2. Zamani ilitakiwa kila kipande kisipungue dakika 10. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo, kwa hiyo dakika 6 za kwenda Soko la Mgandini kwa haraka nazo zinaingia kwenye hesabu. Na asiyefika 150 asijione amepoteza. Hatua kubwa kuliko zote kwa afya ni ile ya mtu aliyekuwa hafanyi kitu akaanza kufanya kidogo.

Kabla ya lolote

Mwenye presha isiyotulia, mwenye maumivu ya kifua au pumzi kumkatika akipanda ngazi, na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, aanzie kliniki anakotibiwa, si barabarani. Swali la kumuuliza daktari ni moja: "Nikitembea haraka nusu saa, dawa zangu zibadilishwe saa au kiasi?" Mwenye kisukari atembee na sukari ya mezani, glukosi au soda ya kawaida mkobani, apime kabla na baada kama ana mashine, na akirudi nyumbani akague nyayo na katikati ya vidole. Lengelenge asilolisikia leo ni kidonda wiki ijayo. Mjamzito ambaye mimba yake haina matatizo anaweza kuendelea kutembea. Athibitishe kliniki ya mama na mtoto.

Hatua ya 1: Andika wiki kama ilivyo

Kwa siku 7, usibadilishe chochote. Chukua daftari, au simu, uandike kila jioni mambo matatu: umetembea au kuendesha baiskeli dakika ngapi, ulikuwa unakwenda mwendo gani, na saa ipi ya siku ulikuwa na nafasi ambayo hakuna mtu aliyekuhitaji.

Mwendo hupimwa kwa mdomo, huhitaji saa ya mkononi ya bei. Ukiweza kuimba mstari mzima wa taarabu bila kukata pumzi, mwendo huo ni mdogo, usiuhesabu. Ukiweza kusema sentensi kamili lakini kuimba huwezi, huo ndio wastani. Ukitoa maneno matatu ukalazimika kuvuta pumzi, huo ni mkali, na kila dakika yake 1 hesabu kama 2. Kwa miguu, wastani huanzia kama hatua 100 kwa dakika. Hesabu hatua za sekunde 15, zikifika 25 uko sawa.

Daftari hilo huwashangaza watu kwa pande zote mbili. Mama ntilie anayesimama kutwa atakuta miguu inawaka moto lakini dakika za wastani hazifiki 20, maana kusimama kunachosha bila kupandisha mapigo ya moyo. Dereva wa bodaboda ni vilevile: yuko barabarani siku nzima, mwili umekaa. Fundi ujenzi anayepandisha zege hahitaji kuongezewa jimu ya jioni. Anachohitaji ni kunyoosha mgongo, usingizi, na pengine matembezi siku asiyokuwa na kazi. Na yupo yule ambaye kazini kwake ni dakika 15 kwa baiskeli: kwenda na kurudi siku 5 ni dakika 150 kamili. Huyo alikuwa anatafuta mazoezi akiwa ameyakalia.

Hatua ya 2: Weka kima cha chini, kisha cha kawaida

Fikiria wiki mbaya kuliko zote katika miezi mitatu iliyopita. Si wiki ya kulazwa hospitali, bali wiki ya kukimbizana. Jiulize ungeweza kufanya nini hata humo. Jibu likiwa "matembezi ya dakika 10 mara nne, na mazoezi ya nguvu mara moja", hicho ndicho kima chako cha chini. Kiandike. Kisha kipunguze kidogo tena, kwa sababu hapa kila mtu hujidanganya.

Kima cha kawaida ndicho cha wiki isiyo na vurugu, nacho kwa anayeanza kisizidi mara mbili ya kima cha chini. Yaani dakika 40 za wiki mbaya, dakika 80 za wiki ya kawaida. Ndiyo, ni chini ya 150. Utafika huko kwa miezi, na utakuwa bado unafanya.

Kanuni ya kutumia viwili hivi: Jumatatu asubuhi unaamua wiki hii ni ya aina gani, na ukishaamua hujadili tena. Wiki ya kima cha chini si wiki iliyofeli. Kinachovunja watu ni kukosa siku mbili za mpango mkubwa, kisha kusema "basi nitaanza upya mwezi ujao."

Neno moja kuhusu vikundi vya jogging vya Jumamosi. Ni vizuri sana, kuna nyimbo, kuna watu wa kukuuliza ulikuwa wapi. Lakini kilomita 10 za Jumamosi juu ya siku sita za kukaa ndizo zinazojaza watu maumivu ya ugoko na magoti. Ukipenda kikundi, kifanye kiwe nyongeza juu ya kima cha chini ulichokwisha kukitimiza katikati ya wiki, na mwezi wa kwanza geuza nusu ya njia.

Hatua ya 3: Chagua saa kwa jua na unyevu

Tanga jua huchomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na nusu asubuhi mwaka mzima, na kuzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo jioni. Nafasi nzuri ni mbili: kutoka baada ya swala ya alfajiri hadi saa 1 na nusu asubuhi, na kuanzia saa 11 jioni hadi magharibi. Saa 10 jioni bado ni mapema, hasa Januari hadi Machi.

Shida ya pwani ni unyevu kuliko hata joto. Mwili hupoa jasho linapokauka. Hewa ikijaa maji, jasho linadondoka tu na joto linabaki ndani. Ndiyo maana mwendo uliokuwa rahisi kwako Lushoto au Arusha hapa utakutoa ulimi. Aliyetoka bara, au aliyekuwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi muda mrefu, ajipe siku 10 hadi 14 za mwendo mdogo mwili uzoee. Kunywa glasi moja au mbili za maji nusu saa kabla ya kutoka. Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja maji yanatosha. Dafu ni burudani, halina ubaya.

Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kugonga au kusikia baridi huku jua linawaka: simama, ingia kivulini, jimwagie maji, kunywa. Mtu akianza kuongea ovyo au kuanguka, hiyo ni dharura. Mwagieni maji ya baridi mwili mzima huku mnatafuta usafiri wa hospitali.

Hatua ya 4: Tumia njia unayopita tayari

Mji huu ni tambarare na umejaa baiskeli, za wanaume na za akina mama. Watu wa mikoa mingine wangeilipia fursa hiyo. Zoezi lililo ndani ya safari ya kazini, sokoni au msikitini halihitaji moyo wa kulianza kila siku, kwa sababu kazini utakwenda tu. Ndilo tunalolipa kipaumbele kuliko jimu, na kuliko mbio.

Baiskeli yenyewe iwe sawa kwanza. Wengi wanaolalamika magoti wanaendesha na siti iliyo chini mno. Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukihamishia sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, kama inavyotakiwa uendeshapo, goti litakunja kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Legeza nati ya siti, kwa baiskeli nyingi ni spana ya 13 au 14, panda sentimita 1 tu kwa mara moja, endesha siku mbili, uone. Maumivu mbele ya goti maana yake siti iko chini. Maumivu nyuma ya goti, au nyonga zinazocheza huku na huku, siti imepanda mno. Usivute mlingoti wa siti kupita alama yake ya mwisho, utavunjika ndani ya fremu.

Upepo ubaki ule ambao gumba likibonyeza kwa nguvu tairi linabonyea kidogo sana. Mnyororo upanguswe kwa kitambaa na kutiwa tone la oili kila wiki, na mara mbili kwa wiki kwa anayepita njia ya mchanga au karibu na bahari, chumvi haina huruma. Breki zote mbili zifanye kazi. Taa ya nyuma ni lazima kwa anayetoka kabla hakujapambazuka, kwa sababu malori hayakuoni. Mvaaji wa baibui au dera atafute baiskeli ya kike yenye kava la mnyororo, afunge upindo upande wa mnyororo kwa pini au mpira. Nguo iliyonaswa hukuangusha ukiwa kwenye mwendo.

Kosa la kawaida la baiskeli hapa ni kuiacha iteleze yenyewe bila kupiga pedali. Ardhi tambarare inakubeba, unapiga pedali mara mbili, unaacha, unasalimiana. Kipimo cha mdomo kitakuambia unaweza kuimba. Basi chagua kipande kimoja cha njia kisicho na watu wengi, cha dakika 5, ukazanie humo bila kuacha pedali, kisha urudi kwenye salamu zako.

Kwa anayepanda daladala au bajaji, shuka mapema kiasi cha dakika 8 za kutembea wakati wa kurudi, si wa kwenda. Asubuhi utafika umelowa jasho na utaacha siku ya tatu. Kama unakaa Ngamiani, zile barabara zenye namba ni kipimo cha bure: hesabu dakika za kwenda barabara tano mbele na kurudi, kisha wiki ijayo uongeze moja. Raba za mtumba hufaa kabisa, ila bonyeza soli ya kisigino kwa gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa, waachie.

Kuhusu bahari. Kuogelea ni zoezi zuri kwa mwenye magoti mabovu au mwili mzito, lakini usilifanye kima chako cha chini. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ambayo leo bahari imejaa, baada ya wiki itakuwa imekupwa na utatembea kwenye matope. Bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, likiwa kubwa mkondo nao una nguvu. Ogelea maji yakijaa, sambamba na ufuko, pamoja na mwenzako, na likikosekana usilidai. Kutembea ufukweni chagua mchanga mgumu uliolowa. Mchanga laini ukiwa pekupeku huvuta kano ya kisigino, na kano hiyo ikikasirika hupona kwa miezi.

Hatua ya 5: Nguvu za misuli, dakika 12 nyumbani

Sehemu hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, hasa na waliopita miaka 40, nao ndio wanaoihitaji zaidi. Mara 2 kwa wiki, kukiwa na siku moja au zaidi katikati. Vifaa: kiti kisichotikisika, baraza ya nje, na dumu la maji. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo dumu lako ni chuma ambacho uzito wake unaupima mwenyewe.

Anza na kukaa na kunyanyuka kitini bila kushika, mara 10. Shuka kwa kuhesabu mpaka tatu, usijitupe. Magoti yafuate vidole vya miguu, yasiangukiane kwa ndani.

Kisha pushapu, mara 8. Anayeanza aegemee ukuta, miguu hatua moja nyuma. Ukifika 15 bila taabu, hamia kwenye ukingo wa baraza; ukifika 15 hapo, shuka sakafuni. Kiuno kisilegee wala makalio yasipande.

Tatu ni kuvuta. Mkono wa kushoto juu ya kiti, mgongo umenyooka, mkono wa kulia unashika dumu lenye lita 5 na kulivuta hadi mbavuni, mara 10, kisha badilisha. Mshikio wa dumu unakata vidole, funga kitambaa.

Mwisho nyanyua visigino ukiwa umeshika ukuta, mara 15.

Pumzika dakika 1 au 2, rudia mzunguko wote mara moja zaidi. Kila zoezi liache ukihisi ungeweza mbili au tatu zaidi. Kujimaliza hakukupi faida ya ziada mwanzoni, kunakunyima siku ya pili. Ukimaliza wiki mbili bila ugumu, ongeza lita 1 kwenye dumu au mara 2 kwenye hesabu, si vyote. Usishike pumzi unapovuta, presha hupanda ghafla.

Misuli kuuma siku ya kwanza hadi ya tatu ni kawaida. Maumivu makali ya sehemu moja, ya ndani ya kiungo, yanayozidi ukiendelea, hayo si ya mazoezi; punguza nusu, na yakipita wiki mbili nenda hospitali.

Hatua ya 6: Kuongeza, na kujua umezidisha

Kaa kwenye kima cha kawaida wiki 2 kamili kabla ya kugusa chochote. Halafu ongeza kitu kimoja: ama dakika 10 kwa wiki nzima, ama siku moja, ama mwendo. Anayeongeza siku na kasi kwa pamoja ndiye anayerudi na maumivu ya ugoko. Kila wiki ya 4 usiongeze kitu.

Alama za kuzidisha huanza nje ya misuli: usingizi kukatika, hamu ya chakula kubadilika, kugombeza watu kwa jambo dogo. Hesabu mapigo asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani, kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Yakizidi kawaida yako kwa 10 siku mbili mfululizo, hiyo ni wiki ya kima cha chini, hata kama ulipanga kubwa.

Na usipime mafanikio kwa mizani. Nusu saa ya kutembea haraka haifidii hata chapati moja ya mafuta, kwa hiyo anayetaka kupungua anzie sahani. Pima kwa vitu vingine: unanyanyuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30, ile njia ya dakika 20 sasa unaimaliza kwa ngapi.

Hatua ya 7: Ramadhani, masika na kurudi baada ya kukatika

Ramadhani hamia kima cha chini tangu siku ya kwanza. Matembezi mepesi dakika 20 kabla ya kufuturu, ili maji yawe karibu, au baada ya tarawehe. Mazoezi ya nguvu yasubiri saa moja na nusu baada ya futari, na futari yenyewe isiwe ya kukulaza.

Masika, Machi hadi Mei, matope na mvua za asubuhi zitakula siku zako. Weka badala ya ndani tangu Februari: kupanda na kushuka ngazi au kidato kimoja cha mlango dakika 10, ukibadilisha mguu unaotangulia kila dakika. Dimbwi usiloona chini yake usilipite na baiskeli.

Ukikatika siku chache, endelea ulipoishia. Ukikatika wiki 2 hadi 4, rudi na nusu ya dakika kwa wiki moja na dumu liwe jepesi kwa theluthi. Zaidi ya hapo, anza tena na kima cha chini. Baada ya malaria au homa nyingine, usitoke mpaka umalize dozi, homa iwe imekatika siku 2 au 3 na chakula kinapanda. Kisha wiki ya kwanza kutembea tu, mwendo wa kuweza kuimba, na ukihisi moyo unakwenda mbio kwa mwendo huo mdogo, rudi nyumbani, ujaribu tena kesho kutwa.